Picha ya Babu Iliyoganda kwenye Kioo: Studio Mbili za Kariakoo

Picha moja nimeipeleka studio mbili tofauti Kariakoo. Ya kwanza ilinichukua dakika arobaini na shilingi 20,000. Ya pili ilinichukua wiki tatu na siku mbili, na shilingi 85,000 pamoja na fremu. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote mwenye picha ya bibi au babu iliyoliwa na maji, ukungu au mchwa, anayetaka itengenezwe kabla ya shughuli ya familia. Mimi nilipokuwa natafuta mtu wa kunielekeza, nilikuta matangazo matupu.

Picha yenyewe ni ya babu yangu mzaa baba. Ni ndogo, inaenea kiganjani, nyeusi na nyeupe. Babu amesimama kando ya kiti cha mbao, mkono wa kulia ameuweka juu ya egemeo, amevaa kanzu, koti na kofia ya viua. Nyuma yake kuna pazia la studio lililochorwa ngazi na vyungu vya maua. Bibi anasema ilipigwa Desemba 1962, wiki ile Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, na babu alikuwa kibarua bandarini, anabeba robota za katani. Katani ndiyo iliyokuwa mali ya nchi wakati ule, na migongo ya watu kama yeye ndiyo iliyoipakia melini. Hakuna picha yake nyingine. Alifariki 1998, nami nina miaka tisa. Nimerithi jina lake, na kwa sababu hiyo bibi hajawahi kuniita kwa jina hata siku moja. Mimi ni "mume wangu", na mke wangu ni "mke mwenzangu".

Tulikuwa tunakaa Jangwani. Tarehe 20 Desemba 2011, siku kumi na moja tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, Mto Msimbazi uliingia ndani. Ba'mdogo alimbeba bibi mgongoni wakapanda juu ya paa la jirani. Fremu ya babu tuliipata siku ya tatu, nyuma ya kabati lililolala kifudifudi kwenye tope. Kioo hakikuvunjika, lakini maji yalikuwa yameingia kati, na picha ilipokauka ikagandana na kioo. Upande wa kushoto ulifunikwa na doa la rangi ya chai kuanzia begani mpaka magotini, na usoni palikuwa na ukungu mweupe uliotanda kama utando wa buibui. Serikali ilipotugawia viwanja Mabwepande, fremu ikaenda nasi imefungwa kwenye khanga, ikawekwa chini kabisa ya sanduku la bibi, ikabaki huko miaka mingi.

Mwaka huu familia ilikaa kikao. Bibi hana cheti cha kuzaliwa, ila anajua alizaliwa mwaka ambao vita vya Hitla viliisha, kwa hiyo miaka 80 ametimiza. Tukapanga dua ya kumshukuru Mungu, pilau, turubai na viti vya kukodi, na zawadi. Hapo kwenye zawadi ndipo tulipotofautiana. Mmoja alitaka kitanda kipya, mwingine friji, wajukuu wa Mbagala walishaanza kuchangishana za sofa. Shangazi akasema mbona hatumuulizi mwenyewe, akainuka akaenda jikoni alikokuwa bibi, akarudi na jibu: "Anasema mumtolee mume wake kwenye tope."

Kazi hiyo nikapewa mimi, mwenye jina.

Studio ya kwanza nilielekezwa na rafiki. Ni studio ya kisasa, kiyoyozi kinafanya kazi, vijana wana adabu, na kwa picha za pasipoti na za harusi sina neno la kuwasema. Kijana aliipiga picha fremu yetu kwa simu, hapohapo mezani, na taa ya juu ikiwa inang'aa kwenye kioo. Akaiingiza kwenye programu ya akili mnemba, akabonyeza mara mbili tatu, akaniuliza kama nataka ya rangi. Nikakubali. Ilipotoka kwenye mashine ilinipendeza, nasema kweli. Mzee ngozi laini, macho maangavu, suti ya bluu na tai. Doa hakuna. Kiti nacho hakikuwepo: mahali pake paliwekwa meza ndogo yenye maua mekundu. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka nayo nimeikumbatia.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza:

"Kijana mzuri. Mtoto wa nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikaiweka picha ile mezani, nikachukua fremu ya zamani, nikaziweka sambamba, nikaona alichokiona yeye. Pua haikuwa ya babu. Rangi haikuwa ya babu, maana babu alikuwa mweusi ti, na baba yangu ni hivyohivyo, na mimi pia. Programu za namna ile haziwezi kuona kilicho chini ya doa. Zimefundishwa kwa nyuso za watu wengi mno, zikikuta pengo zinaliziba kwa kitu kinachofanana na hao wengi. Kwa maua ya nyuma au kwa kipande cha ukuta si kitu. Kwa uso wa marehemu ambaye mke wake yu hai na anamkumbuka, ni kumletea mtu baki nyumbani na kumwambia huyu ndiye mumeo. Nilirudi studio kuwaeleza. Nikaambiwa picha yenyewe ilishakufa, na kazi imekwisha fanyika. Hela haikurudi.

Fundi wa pili nilielekezwa na muuza fremu. Yuko mitaa ya nyuma ya Lumumba, upande wa Mnazi Mmoja, ghorofa ya pili, chumba kimoja, hakuna bango. Ameniomba nisimtaje jina wala kuweka namba yake kwa sababu anafanya kazi peke yake na foleni aliyonayo inamtosha. Nitamheshimu katika hilo. Lakini nitaeleza alivyofanya kazi, ili ukienda kwa fundi yeyote ujue cha kumuuliza.

Swali lake la kwanza halikuhusu bei wala saizi. Aliuliza: "Aliye hai anayemjua huyu mzee ni nani?" Nikamwambia ni mke wake. "Basi sitaanza mpaka nizungumze naye."

La pili, alikataa katakata kuibandua picha kwenye kioo. Mimi nilidhani hiyo ndiyo hatua ya mwanzo. Alinieleza kwamba karatasi ya picha za zamani ina tabaka la jelatini juu yake, na sura ya mtu imo ndani ya tabaka hilo. Likilowa linavimba na kuwa kama gundi, likikauka juu ya kioo linashikana nacho. Ukivuta, karatasi inatoka na uso unabaki kwenye kioo vipande vipande. Alinionyesha picha ya mteja mwingine aliyejaribu mwenyewe nyumbani kwa kisu: mwanamke aliyevaa baibui, na kichwani pake karatasi nyeupe tupu. Tafadhali, kama una picha iliyoganda, iache hivyohivyo, na kioo chake.

Alikisafisha kioo kwa nje tu, akafunga kamera kwenye stendi ikitazama chini, taa mbili akaziweka pembeni, kulia na kushoto, kwa mshazari, na mbele ya kamera akatundika kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi, ili kioo kisirudishe mwanga wala sura ya kamera yenyewe. Nilimuuliza kwa nini hatumii skana. Alisema kioo juu ya kioo cha skana mara nyingi huleta miviringo ya rangi kama ya mafuta juu ya maji, na kuiondoa ni kazi nyingine. Alipiga zaidi ya mara ishirini. Kwenye kompyuta alipoikuza nikaona vitu ambavyo kwa macho sikuwahi kuviona maisha yangu yote: mshono wa kofia, kifungo kimoja cha koti kisichofanana na vingine, na chini kabisa, kwenye kifundo cha mguu wa kulia, kitu kama uzi mnene uliozungushwa mara mbili.

Bibi ana kliniki ya macho mjini kila baada ya miezi mitatu. Siku ya kliniki nikampitisha Kariakoo kwa bajaji. Nilijua ngazi za jengo lile hawezi, ni nyembamba, hazina taa, na goti lake moja ni baya. Nikampigia fundi simu nimwambie tumeshindwa kupanda. Akashuka yeye. Alikuja na kompyuta mpakato chini ya kwapa na mwavuli, akainama kwenye bajaji, akaamkia: "Shikamoo bibi." Akaketi pembeni yake kwenye kiti cha nyuma, dereva akazima injini, wakazungumza karibu saa nzima huku wapiga debe na mikokoteni ikitupita. Kama ningekuwa natoa nyota, zote ningezitoa kwa saa ile.

"Bibi, hapa kwenye mguu naona kama uchafu. Nifute?"

"Usifute, mwanangu. Hiyo ni kamba."

Ndipo tukasikia, mimi kwa mara ya kwanza katika miaka 36 niliyonayo. Viatu vile vilikuwa vya kaka yake babu, vinampwaya. Kila akipiga hatua kisigino kinatoka. Akachomoa nyuzi za katani kutoka kwenye kamba ya robota, akasokota, akafunga kiatu na mguu ili asidondoshe kiatu mbele ya mpiga picha. Koti lilikuwa la studio. Kanzu ilikuwa yake, ndiyo ya harusi yao.

Fundi akauliza kuhusu kiti. Kwa nini mzee amesimama na kiti kiko wazi?

"Kiti changu hicho. Mpiga picha aliniwekea mimi. Nilikataa kukaa."

"Kwa nini bibi?"

"Nilikuwa na mimba ya baba yake huyu," akanigusa goti, "na mama yangu alikuwa ameniambia mja mzito hapigwi picha. Nikasimama pale nyuma ya kamera. Unaona anavyotazama? Anatazama mimi, hatazami kamera."

Tukatazama wote watatu, na dereva wa bajaji akageuka naye akatazama. Ni kweli. Macho ya babu hayaangalii mbele. Yamekwenda kidogo upande wa kushoto. Yule kijana wa studio ya kwanza alimpa macho yanayotazama mbele sawasawa, na kile kiti alikifuta.

Sisemi haya kumlaumu kijana. Ninayasema kwa sababu sisi wenyewe wajukuu tulikuwa na picha ile nyumbani tangu tunazaliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kiti ni cha nani. Tunajua kuwanunulia wazee khanga na kuwasalimia kwa adabu. Kukaa nao na kitu cha zamani mkononi na kuuliza hiki ni nini, hapa palikuwaje, hilo hatulifanyi mpaka mtu wa kulipwa atufanyie.

Kazi yenyewe ilifanyika polepole mno. Fundi aliahidi siku kumi, ikawa siku ishirini na tatu. Umeme ulichangia siku mbili tatu, zilizobaki ni wingi wa kazi zake, na ningependa angeniambia ukweli tangu mwanzo badala ya kila mara "kesho jioni, kaka". Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari. Malipo ya awali ni nusu. Kwa mtu mwenye shughuli ya tarehe maalumu, mpe mwezi mzima na umkumbushe kila wiki.

Lakini alichotoa! Ukungu usoni aliuondoa nukta kwa nukta, kwa mkono. Doa la chai alilipunguza mpaka kanzu ikaonekana mikunjo yake. Sehemu moja, kwenye kiganja cha kushoto, tabaka la picha lilikuwa limeliwa kabisa, hakuna kitu. Hapo hakuchora vidole. Alipafifisha tu pakawa kama kivuli, akaniambia, "Mkono huu hatujui ulikuwa umekunjwa au umenyooshwa, na bibi hakumbuki. Siwezi kumtungia." Rangi hakuweka. Kamba ya katani ipo pale pale ilipo.

Aliiprinti kwa ukubwa wa A3 kwenye karatasi isiyong'aa. Kabla ya kioo aliweka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili picha isigusane na kioo tena. Kwa joto na unyevu wa mji huu hilo ndilo la kudai kwa muuza fremu yeyote, hata kwa picha mpya ya harusi: pawepo nafasi kati ya picha na kioo. Laminesheni alinikataza, kwa nakala na zaidi kwa picha ya asili, kwa maana plastiki ile hubandikwa kwa joto na kuitoa baadaye haiwezekani bila kuharibu. Faili alinipa kwenye fleshi, kubwa, na akanisihi nisiwatumie ndugu kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na kupoteza ubora. Itumwe kama dokyumenti. Nyuma ya nakala tuliandika majina na mwaka kwa penseli laini, si kalamu ya wino, maana wino hupenya. Fremu ya zamani nayo aliirudisha kama ilivyokuwa, na tope kidogo bado limo kwenye kona.

Kabla hajaiprinti alinipigia simu na jambo moja. Shangazi alikuwa amempigia bila mimi kujua, akamwomba amwingize bibi kwenye kile kiti: achukue picha yake ya ujana, ya kwenye kipande cha kura au popote, amkalishe pale karibu na mumewe, iwe mshangao siku ya shughuli. Fundi alisema anaweza, na kwa programu za siku hizi isingemchukua hata saa moja. "Ila kamuulizeni mwenyewe kwanza."

Shangazi alisononeka, mshangao ungeharibika. Tulimuuliza hata hivyo. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Nilikataa mwenyewe kukaa. Sasa mnikalishe leo kwa nguvu? Kiacheni kiti kama kilivyo. Yeye anajua nilikuwa wapi."

Kiti kikabaki wazi.

Siku ya kuichukua nilipanda mwendokasi pale Gerezani nikiwa nimeifunga kwa maboksi na khanga. Basi likapita Fire, likashuka Jangwani. Nyumba nyingi zimebomolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi, hata mahali pa kwetu sikupatambua sawasawa, nilikisia tu kwa mnazi mmoja. Nilisimama njia nzima mpaka Morocco, kisha daladala mpaka Bunju, fremu nikiwa nimeipakata, kisha bodaboda mwendo wa taratibu kabisa. Dereva alidhani nimebeba kioo cha dirisha.

Kwenye shughuli hatukuitundika kwenye turubai palipokuwa na masheikh na dua. Tuliiweka sebuleni, na watu baada ya kula waliingia wawili wawili. Bibi alikaa chini kwenye mkeka, na aliamua mwenyewe msumari ugongwe wapi: chini sana, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, si kule juu karibu na dari tunakotundika picha za wakubwa. Mafundi wa familia walianza kubisha, akawaambia yeye ndiye atakayeitazama. Watoto wanaifikia kwa vidole na kioo kimeshajaa alama. Kila anayeuliza kuhusu kamba ya mguuni anahadithiwa upya, na nimeshawasikia wajukuu wa Mbagala wakiwahadithia wenzao kana kwamba walikuwepo.

Kwa hiyo, ukinitaka ushauri: ya kwanza nenda kwa pasipoti. Kwa picha ya mzee wako mtafute fundi atakayekuuliza nani anamjua, na ukimpata umvumilie siku zake. 85,000 si hela ndogo, sisi tulichangishana watu saba. Picha ya suti ya bluu bado ipo, shangazi ameihifadhi kwenye bahasha.

Wiki iliyopita bibi aliniita. "Mume wangu, yule kijana wa kwenye bajaji anapiga picha za watu wazima pia, au anasafisha tu za zamani?" Nikamwambia anapiga. Akasema mimba hana tena, kwa hiyo mwiko umekwisha. Nimempigia fundi, na Jumamosi ijayo atapanda mpaka Mabwepande na kamera yake. Khanga imeshachaguliwa, na kiti atakachokalia amekitoa nje mwenyewe akakifuta vumbi.